Giza Ulilolipima kwa Macho Yangu

Mjukuu wangu Wabwile,

Una kichwa kigumu, na nitakuambia hivyo hata kama umelala chini ya udongo. Tangu tukuzike hapa Naitiri, mahindi yamepandwa, yamepaliliwa, yamevunwa, na bado hujanijia ndotoni hata usiku mmoja. Hata mmoja! Babu yako alikuja juma lile lile tulilomzika, amevaa koti lake la kijivu, akaniuliza kama ng'ombe amekamuliwa. Hata yule shangazi yangu ambaye hakupenda mtu alikuja, akasimama mlangoni, akanung'unika, akaenda. Wewe niliyekubeba mgongoni mpaka miguu yako ikawa inaburuta chini, umenyamaza. Ati unangoja nini? Ama mmewekewa geti huko?

Nalala mapema. Sili chakula kizito jioni kisije kikafunga ndoto. Nimelalia ubavu wa kulia, nimelalia wa kushoto, nimelala hata na kichwa kule kwenye miguu. Asubuhi naamka mikono mitupu, kama mtu aliyefika sokoni akakuta watu wanafagia.

Mimi sikusoma, unajua. Haya nayasema kwa mdomo na Kibet anayaandika, Kibet wako wa kutoka Mlima Elgon, yule mliyetengeneza naye ile gemu ya chombo kinachosafiri kati ya nyota. Nimemkataza kunirembeshea maneno. Anasema ataiweka barua mahali ambapo watu wanaocheza gemu yenu wataisoma. Nikamwambia waisome tu. Si wanalalamika kwamba giza lenu ni zito? Basi wajue lilitoka nyumba gani.

Ulikuja kwangu mdogo kwa sababu ya baridi ya Kitale. Ule ugonjwa wa damu unaoshika mifupa ulikutafuna kila mvua ilipoanza huko kwenu mtaani Tuwan, na mama yako alikukanda mpaka mikono yake yeye ikavimba. Daktari akasema mtoto akae mahali penye joto kidogo. Naitiri si jangwa, lakini jikoni kwangu moto haulali. Mama yako alikuleta umefungwa kwenye blanketi kama mzigo wa vyombo, na hakulia mbele yako. Alilia nyuma ya ghala la mahindi. Nilimwona nikajifanya natafuta jembe.

Ukakua. Ukaenda shule, ukarudi na kompyuta. Siku mifupa ilipokataa ulijilaza kwenye kochi na hiyo mashine juu ya tumbo kama kuku anayeatamia, unabonyeza, unanung'unika peke yako. Nilidhani unamwandikia msichana. Nikafurahi hata nikaanza kufikiria ng'ombe wa mahari. Kumbe unatengeneza mbingu.

Unakumbuka siku uliyoziba dirisha na blanketi mchana kweupe, ili nione vizuri? Jirani yetu Mama Petro aliliona lile blanketi akaja mbio, leso mkononi, machozi tayari.

"Mama, nani ametuacha?"

"Hakuna. Ni Wabwile ananionyesha nyota."

"Nyota. Saa saba mchana."

"Si uingie uone."

Alituangalia kama watu waliorogwa, akaenda hata bila kuaga.

Nikaona chombo cheupe, ubavu mmoja umepigwa na jua mpaka nikafinya macho. Na nyuma yake weusi mtupu, kama ndani ya chungu.

"Nyota ziko wapi?" nikakuuliza.

"Ziko, Kukhu."

"Wapi? Miaka yote hiyo ya shule, na mbingu yako haina hata moja? Si hata mimi Kukhu, bibi yako, nikipewa chaki nitakuchorea!"

Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Halafu ukaniambia polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji wa moto. "Nyota mwanga wake ni mdogo sana, Kukhu. Jua ndilo limekuziba macho. Jicho likijaa jua haliwezi kubeba nyota tena. Gemu nyingine zinazimwaga tu kama chumvi, chombo kinawaka na nyota zinawaka, vyote pamoja. Watu wanapenda. Lakini ni uongo."

"Uongo mtamu."

"Mtamu, ndiyo. Mimi sitaki."

Ukageuza chombo. Ule ubavu wa jua ukatoka machoni. "Sasa nyamaza, ungoje," ukasema. Mimi kunyamaza! Lakini nikanyamaza. Kwanza hakukuwa na kitu. Halafu moja. Halafu nyingine mbali, na nyingine, zile kubwa zikitangulia na watoto wao nyuma, mpaka vile vidogo kabisa kama unga uliobaki kwenye ungo. Uliniambia kila moja umeipa mwanga ule ule ilio nao kweli huko juu, hukupendelea yoyote wala kuidhulumu. Na zile hafifu sana ukanikataza nisizikodolee. "Angalia kando kidogo, ndiyo itakuja." Hilo nililijua. Ndivyo tunavyomtafuta kuku mweusi jioni.

"Mbona hazipepesi?"

"Huko hakuna hewa. Hewa ndiyo inayozitikisa."

"Basi funga. Nyota isiyopepesa ni jicho la maiti."

Ulicheka kidogo, halafu ukaacha. Hukufunga. Ulisema, "Mimi nazipenda hivyo, Kukhu. Zimetulia. Hakuna kitu kinaziuma."

Nilitoa blanketi dirishani nikaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Baada ya hapo ukaanza kunisumbua mlangoni. Nimemaliza kupika, moto bado uko ndani ya macho, unaniita nje niangalie juu, upande wa mlima. Unasimama nyuma yangu na simu yako.

"Sasa?"

"Sasa nini?"

"Unaziona zile ndogo?"

"Bado."

"Sasa?"

"Wewe mtoto, ugali unapoa."

"Sasa?"

"Nimesema bado! Unafikiri haya macho niliyanunua jana? Haya. Sasa. Naziona."

Unabonyeza simu, unaingia ndani na furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani. Kesho yake tena. Nilifikiri unamchezesha mzee tu. Sikuuliza.

Halafu ukaanguka. Hiyo siku sitaieleza. Waliokuwa pale hospitalini wanaijua, inatosha. Ulikuwa umefika umri wa kuoa na hujaoa, ukaondoka bila kuacha mtoto, na kwetu hilo si jambo dogo. Mtu hurudi kwa jina lake. Mtoto akizaliwa katika ukoo, aliyetangulia huja ndotoni kwa mmoja wetu akasema, huyu ni wangu, mwiteni. Ndiyo maana nakungoja. Sikungoji nikupikie mrenda.

Kwa sababu mtoto amezaliwa, Wabwile. Mke wa ndugu yako Barasa amejifungua kijana huko Tuwan, ana masikio yako yale ya kusimama. Na kila jua likizama analia. Analia mpaka kitovu kinatokeza. Walimpeleka kwa daktari, hana ugonjwa. Tukajua anatafuta jina. Nikapanda gari mpaka Kitale, na shangazi yako, senge Nafula, akatoka Bungoma mjini, tukaketi kwa mama yako, pamoja na Barasa, mkewe na mtoto. Baba yako alikuwa Suam kwa biashara yake ya mpakani, akasema kwa simu tutakaloamua yeye amekubali. Wanaume wetu ni hodari kukubali kwa simu.

Mimi nilisema Wabwile kabla hata ya chai kumiminwa.

Mama yako akasema hapana. Aitwe Makokha, jina la babu yako. "Mtu aliyeishi mpaka meno yakaisha," akasema. "Na haya mambo ya ndoto kanisani tumeyaacha."

"Kanisa lenu halioti?"

"Mama, tafadhali."

Senge Nafula naye, binti yangu wa kumzaa, akaweka kikombe chini akasema lile ambalo wazee husema. "Kijana aliyekufa bila mtoto haitwi. Ukimpa mtoto jina lake unamfungulia njia ile ile." Nilimwambia afunge mdomo. Hakufunga. Alitoa wapi huo ukaidi sijui.

Katikati ya hayo Kibet akabisha hodi, na kompyuta yako kwapani. Hapa anataka niseme kwamba hakujua kama kuna kikao cha ukoo. Haya, hakujua. Alikuja kumwomba mama yako ruhusa, kwa kuwa vitu vyako sasa ni vyake. Akaiweka kompyuta mezani akaeleza kwamba watu wanaipenda gemu lakini wanauliza nyota ziko wapi, na ukigeukia gizani macho ya gemu yanachelewa mno kuzoea. Akajikuna shingo.

"Wanasema macho ya hii gemu ni ya mzee."

"Mzee gani?" nikauliza.

"Ni wewe, Kukhu. Ule muda wa kungoja aliupima kwako, pale mlangoni. Mimi nilimwambia, bana, chukua macho ya kijana. Akakataa. Akasema nyanya yake ndiye mtu pekee anayejua kungoja huku akigomba."

Kumbe zile "sasa?" zako zote. Kumbe kijana yeyote anayeshika hiyo gemu, awe Nairobi, awe ng'ambo ya bahari, akiligeukia giza anazingoja nyota kwa macho yangu mimi yenye ukungu.

Mama yako hakutaka hata kusikia. "Ongeza," akamwambia Kibet. "Ongeza mwanga. Ziwashe zote, na zisicheleweshe mtu."

Kabla sijafungua kinywa, jua likazama na mtoto akaanza. Stima nayo ikapotea, unajua Tuwan. Tukabaki na mshumaa mmoja na kompyuta yako pale mezani, ubavu wa chombo umepigwa na jua, unamulika sebule nzima. Senge Nafula akampakata mtoto, tukaanza kuwaita waliotangulia. Tukamwita Makokha. Akalia. Tukawaita ndugu za Makokha, mmoja baada ya mwingine. Akalia, uso umekuwa kama nyanya iliyoiva. Mama yako alikuwa ameinamisha kichwa.

Nikasema kwa nguvu, "Wabwile!"

Akanyamaza.

Ghafla, kama redio iliyokatiwa stima. Akafungua macho yake makubwa. Mama yake akampa titi, akashika. Nikapiga kigelegele, na nilikipiga peke yangu, kwa sababu senge Nafula alikuwa amenyoosha kidole kuelekea mezani.

Kibet alikuwa amegeuza chombo. Dakika ile ile niliyolitaja jina, yeye alikuwa anamwonyesha Barasa giza linavyokuwa. Chombo kilikuwa kimepita nyuma ya dunia moja kubwa, jua likazibwa, na sebule ikaingia gizani nacho.

"Si jina," senge akasema. "Ni ule mwanga umemtoka machoni. Mtoto anachomwa macho muda huu wote, nyinyi mnaita wafu."

"Ni jina!"

"Ni mwanga, Mama!"

"Si tujaribu," Barasa akasema. "Kibet, rudisha jua."

Kibet akarudisha jua. Ukuta ukawa mweupe. Mtoto akakunja uso, akaugeuzia mwanga kisogo, akaendelea kunyonya. Hakulia.

"Mmeona?" nikasema.

"Tumeona nini? Titi liko mdomoni."

Na hapo, Wabwile, hapo ndipo nilipokasirika nawe kabisa. Si ungefanya kitu? Ungeangusha kijiko. Ungezima ule mshumaa. Watu wazima tumeketi tunabishana kama ni wewe au ni taa, na wewe kimya.

Tulilala hapo hapo. Alfajiri niliamka kwenda nje nikaona mwanga sebuleni. Mama yako alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, shuka mabegani. Kibet alikuwa amemwonyesha mahali pa kuongeza mwanga wa nyota, naye alikuwa ameongeza mpaka mwisho. Mjukuu wangu, ungekiona kitu hicho ungelia. Nyota kama mahindi yaliyomwagika barabarani, hakuna nafasi ya giza kupitisha sindano, na chombo katikati yake hakionekani kabisa.

"Nimeziwasha zote, Mama," akaniambia bila kugeuka. "Zote. Na bado simwoni."

Nilikuwa nimebeba maneno yangu ya kugombana naye, nimeyapanga tangu jioni. Nikayameza. Nikavuta kiti.

"Mnafikiri ni kanisa," akasema. "Si kanisa. Nitasimamaje mlangoni jioni niite jina hilo, mtoto aje kula, aitike mwingine? Nitamchukia, Mama. Kidogo tu, lakini nitamchukia. Na mtoto hujua."

Mimi, ambaye nina jibu la kila mtu mpaka chifu, nilimshika mkono tu, ule uliokukanda miaka yote, na kwa ule mwingine akabonyeza, akapunguza, akapunguza, mpaka mwanga ukafika pale ulipouacha wewe. Ikawa giza. Chombo chako Kibet alikuwa amekirudisha pale pale ulipokiegesha mara ya mwisho, kwenye kivuli cha dunia isiyo na mtu, kinaangalia kusiko na jua. Tukangoja. Wewe ndiye uliyeamua tungoje kwa muda gani. Umekufa, na bado ni wewe uliyekuwa unatungojesha.

Zikaanza kuja. Kubwa, halafu zile zinazofuata. Hazipepesi. Na zilipofika zile ndogo za unga, nilisikia nyuma yangu, pale mlangoni, kwa sauti yako ya kawaida ya mtu asiye na haraka: "Sasa?"

Sikugeuka. Mama yako naye hakugeuka, lakini alinibana vidole mpaka pete ikaniuma. Sijamuuliza kama alisikia. Naogopa akisema hapana.

Tangu siku hiyo nyumba hii yangu ya Naitiri imekuwa na mlango mmoja zaidi. Nikisonga ugali nasikia mtu amesimama nyuma yangu, na nikigeuka ni ukuta. Sikufukuzi. Nakuambia tu kwamba najua.

Kibet nimemjibu. Nyota zisiguswe, hata moja isiongezewe mwanga. Mwenye haraka awekewe macho ya kijana, kuna mahali pa kuchagua. Lakini mtu akiifungua mara ya kwanza imkute kama ulivyoiacha, angoje na mimi. Mama yako aliitikia kwa kichwa. Kwa mama yako hiyo ni hotuba.

Mtoto bado hana jina la ukoo. Wanamwita Bwana Mdogo, naye anaitikia kwa mateke. Akilia jioni hakuna anayethubutu kumwita mfu yeyote. Barasa amesema tutakutana tena hapa Naitiri Krismasi, na kama hakuna aliyeota, atakuwa Makokha, na neno limekwisha. Senge Nafula ananipigia simu kila Jumapili, ati "Mama, umeota?" Nazima simu.

Lakini nikae nikidanganya watu? Ningeweza kusema nimeota. Nani angenipinga? Nimelifikiria, na nimelitema. Jina la uongo mtoto hulivaa kama kiatu cha mtu mwingine, humchubua maisha yake yote. Na hata ungekuja kwangu kweli, ukasimama hapa na masikio yako, ingesaidia nini? Mimi nimekwisha kubali. Mimi nitaliita jina hilo sokoni, nitaliita kanisani, na akiitika huyu mdogo nitafurahi mara mbili. Anayelala macho wazi si mimi.

Basi sikiliza, na usinibishie. Nakuaga hapa, na ukija tena, usije Naitiri. Hata ukiona jikoni kwangu kuna moto, pita. Nenda Tuwan kwa mama yako. Usimwite, atashtuka. Usimtajie habari ya jina, usimwombe mtoto, usimwombe chochote. Ingia tu, ujilaze kwenye lile kochi la karibu na dirisha, ulale. Ulale kabisa, ukorome kama watu. Huyo mwanamke tangu akuzae hajawahi kukuona ukilala usiku mzima bila maumivu kukuamsha. Mwache avute kiti akuangalie mpaka kuche, na usiamke kabla yake.

Kukhu wako anayekupenda kwa hasira,
Naitiri